Duma (kundi la muziki)

Duma ni kundi la hevi metali kutoka Nairobi, Kenya, lililoanzishwa mwaka 2019 na kurekodi albamu yake ya kwanza Kampala, Uganda. Wanakundi ni wawili: Martin Khanja, mwimbaji ajulikanaye kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtayarishaji. Jina halitokani na mnyama. Kwa Kikuyu "duma" ni giza.

Kabla ya kuunda Duma walipigia bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Albamu yao, Duma, ilirekodiwa kwa miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege, ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Mayowe na gitaa vinakwenda sambamba na midundo ya kielektroniki yenye kasi kubwa.

Duma ilithibitisha kwamba muziki wa hevi metali una wenyewe Afrika Mashariki pia. Mwaka 2024 Khanja alitoa The Adept, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake.