Sheria ilitangulia nguzo: historia ya leseni ya fundi umeme

Sheria ya umeme ilikuwapo muda mrefu kabla ya nguzo kuvikaribia vijiji vya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Tanganyika iliipata mwaka 1931, huduma ya umeme ilipokabidhiwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Serikali ilianza kununua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na kufikia 1975 ikamiliki zote.

Kwa miaka mingi ufundi huu ulikuwa wa mjini. Kijana wa Mbulu aliyeutaka aliufuata kwenye viwanda na karakana, akamshikia fundi mkuu waya na koleo mpaka mkono ukazoea. Kisha alifanya majaribio ya ufundi, akianzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Sheria ya mwaka 1994 ilipounda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na baadaye mitaala ikabadilika, hesabu ikageuzwa: sasa ngazi ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Mwajiri asiyejua hili anaweza kumdharau mzee mwenye cheti cha zamani cha daraja la kwanza, kumbe ndiye bingwa.

Cheti, hata hivyo, si leseni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliifuta ile ya kikoloni, na leseni za ufungaji umeme zikawa mikononi mwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombaji hupimwa kwa elimu yake na uzoefu wake wa kazi, kisha hupewa daraja linaloeleza mipaka yake. Aliyeruhusiwa kufunga taa na soketi za nyumba ya kawaida hapaswi kugusa kazi yoyote inayozidi daraja lake, hata kama jirani anamsihi amuungie mashine ya kusaga ya fezi tatu.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007 na miradi yake kusambaa, ada ya kuunganishwa kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Unafuu mkubwa, lakini ada hiyo haifungi waya ndani ya nyumba. Wenye nyumba ndogo walipata UMETA, kifaa kinachokuja na swichi na soketi zake; wengine walibaki kutafuta fundi wa bei nafuu. Hapo ndipo vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, walipopata soko. Kishoka hufanya wayaringi, halafu hutafuta mwenye leseni wa kumgongea muhuri kwenye fomu ya TANESCO. Kwa maoni yangu, huyo anayegonga muhuri kwa nyumba ambayo hajaikanyaga ana kosa kubwa kuliko kishoka mwenyewe.

Si kila asiye na karatasi ni kishoka. Wapo waliojifunza kazini na wanaijua kazi vizuri. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha bila kuwarudisha darasani miaka miwili. Wapimaji wake wafike Mbulu na Katesh, wilayani Hanang, mara kwa mara, wasisubiriwe Babati, makao makuu ya mkoa. Nawe msomaji unayejenga, mwombe fundi leseni yake na usome daraja lake kabla hujamlipa hata senti ya paipu.