Walimu wa Kwanza wa Vijana: Habari za Buganda, 1879–1886



Kijitabu hiki hutoa kila mwaka hesabu ya fedha, ya mazishi tuliyosaidia na ya karo tuliyolipa. Safari hii nimeombwa kuongeza neno juu ya darasa la dini la vijana wetu Wakatoliki, wa miaka 12 hata 15, ambalo limepungukiwa na walimu. Katika mkutano mzee mmoja alisema, "Kazi hiyo ni ya padre. Sisi makarani na mafundi tutaiwezaje?" Neno hilo si la kudharauliwa. Nimeona vema kulijibu kwa historia, maana swali hilo lilikwisha jibiwa karibu nasi, ng'ambo ya ziwa.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka wa 1879, zama za Kabaka Mutesa. Waliotangulia ni Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans. Mkubwa wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Lakini mnamo Novemba 1882 mapadre waliondoka kwa kuona hatari, wakavuka ziwa kwenda kusini, wasirudi hata Julai 1885. Kwa muda wa miaka miwili na nusu na zaidi hapakuwa na padre hata mmoja. Je, mafundisho yalikufa? La, wasomaji walizidi.

Waliofundisha walikuwa watu wenye kazi zao za kutwa. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mwenye cheo katika kasri. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Matthias Kalemba Mulumba alikuwa mwamuzi wa mashauri. Wanafunzi wao wengi walikuwa vijana watumishi wa kasri, waliotoka kwa wazazi wao kwenda kukaa chini ya amri ya mfalme. Vijana hao walihitaji mtu mzima wa kuwaangalia kuliko walivyohitaji kitabu, na Mukasa aliwaangalia. Alipomlaumu Kabaka Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington, yeye mwenyewe aliuawa, tarehe 15 Novemba 1885. Charles Lwanga akashika mahali pake.

Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka mawindoni, akamwita mtumishi wake Mwafu, mwana wa Katikiro, asimwone. Kijana huyo alikuwa akifundishwa dini na mwenziwe, Denis Ssebuggwawo, aliyekuwa na umri wa miaka 16 hivi. Kabaka alimwuliza Ssebuggwawo alikuwa akifanya nini, naye hakuficha. Akachomwa mkuki, na kesho yake akauawa. Usiku ule Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa chini yake, miongoni mwao Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Tarehe 26 Mei akauawa Kaggwa pia, maana Katikiro alishikilia sana kwamba auawe, kwa kuwa aliwafundisha watoto wake. Tarehe 3 Juni, Lwanga, Kizito na wenzao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Kutoka Uganda hiyo hiyo mapadre wa Mill Hill walikuja Kisumu mwaka wa 1903. Kwa hiyo habari hizi si ngeni katika nchi yetu.

Nayaona mambo mawili ya kutufaa. La kwanza, walimu wale walikuwa wamefundishwa kwa saburi kabla ya kufundisha. Bidii tupu haitoshi. Mimi mwenyewe nilipoanza na vijana wetu niliwakaririsha majibu ya katekisimu, wakayasema vizuri sana, hata mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maana yake nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hujifunza kwanza mimi.

La pili, tusimcheke Katikiro. Kosa lake la kumwaga damu halina udhuru, lakini hofu ya mzazi anayeona mwanawe ametiwa maneno na mtu mwingine twaifahamu sote. Kijana wa miaka 13 ni mwana wa watu. Mwalimu asiyebisha hodi nyumbani kwa wazazi wake anajenga upande mmoja tu wa ukuta.

Kwa hiyo, wazee wetu, padre ana vituo vingi, na Jumapili ni moja. Wahenga walisema, udongo uwahi uli maji. Twaomba wanachama wanne, wanaume kwa wanawake, wakubali kufundishwa kwanza, kisha wafundishe. Atakayekubali na aandikishe jina lake kwangu kabla ya mkutano ujao.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama