Kibali cha kuhama: historia ya wasichana wa basketi katika vyuo vya Marekani



Tangu Madina Okot ahame, swali limekuwa lile lile. Okot ni Mkenya, mrefu karibu mita mbili, alicheza voliboli kabla ya kushika mpira wa kikapu, kisha akachezea Chuo Kikuu cha Zetech hapa hapa Kenya. Mwaka 2024 akaenda Mississippi State, Marekani. Akacheza msimu mmoja tu, na mwaka 2025 akahamia South Carolina, moja ya timu kubwa kabisa za wasichana kule. Watu wanauliza: inakuwaje? Chuo kinakuleta kutoka mbali, kinakulipia masomo, halafu baada ya mwaka unaondoka na hakuna anayekuzuia?

Ndiyo, sasa hivi hakuna anayekuzuia. Lakini haikuwa hivyo zamani, na hiyo zamani yenyewe si ya mbali. Mwaka 2014 kuna msichana alizuiwa waziwazi, nchi nzima ikiona. Nitafika kwake.

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1971 walimu wanawake wa michezo katika vyuo vya Marekani waliunda chama chao, AIAW, ili kuendesha mashindano ya wasichana. NCAA, chombo cha michezo ya wavulana, kilikuwa na pesa na televisheni, lakini wakati ule hakikuwa na habari na wasichana. Wale akina mama walikuwa wameona jinsi makocha wanavyowakimbilia wavulana wenye vipaji, na hawakutaka mchezo huo uingie kwao. Mwanzoni walikataza hata ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, mpaka kesi ya mahakamani ilipowafanya wabadilike mwaka 1973. Hapo nadhani walikuwa wamekosea, maana msichana maskini bila ufadhili hasomi. Ila kwenye kuhama walikuwa mbele ya wakati wao: msichana akihama chuo, anacheza mara moja. Kwao huyu ni mwanafunzi kwanza, na mwanafunzi wa kawaida akihama chuo hakuna anayempa adhabu.

Mwaka 1972 ikaja sheria inayoitwa Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Michezo ya wasichana ikaanza kupata fungu, na NCAA ikafungua macho. Mwaka 1982 ikaandaa ubingwa wake wa kwanza wa basketi ya wasichana. Louisiana Tech ikaifunga Cheyney State 76 kwa 62. AIAW haikuweza kushindana na pesa hizo, ikafa. Wasichana wakapata jukwaa kubwa zaidi. Wakapata pia sheria za wanaume.

Sheria zenyewe zilikuwa mbili, na lazima tuzitenganishe. Ya kwanza: ukihama kutoka chuo kikubwa kwenda kingine, unakaa mwaka mzima bila kucheza. Unafanya mazoezi, unasoma, lakini siku ya mechi unakaa benchi na nguo za kawaida. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, nayo ni barua ya ruhusa. Kabla kocha wa chuo kingine hajazungumza na wewe, chuo chako kilipaswa kukubali. Kikikataa, bado unaweza kuondoka, hakuna polisi mlangoni. Lakini huko uendako huruhusiwi kupewa ufadhili kwa mwaka mzima. Maana yake ujilipie. Kwa mtoto wa tajiri huo ni usumbufu. Kwa wengine mlango umefungwa.

Wengi wetu tunaijua karatasi ya namna hiyo. Unataka kwenda mjini kumwona ndugu yako mgonjwa, unapanga foleni kuomba kibali, na anayetoa kibali ndiye yule yule ambaye kazi yake ni kuhesabu kama bado upo. Sisemi mambo haya ni sawa. Mwenye ufadhili wa chuo Marekani ana maisha mengine kabisa. Nasema tu kwamba ukisoma habari hii hutahitaji kuelezwa mara mbili.

Watu walitafuta njia za pembeni. Sheryl Swoopes, msichana wa mji mdogo wa Brownfield, Texas, alipewa nafasi Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Akakaa siku chache tu, akashindwa kwa kukumbuka nyumbani, akarudi. Akajiunga na chuo cha miaka miwili karibu na kwao, South Plains, halafu akaenda Texas Tech. Mwaka 1993, kwenye fainali dhidi ya Ohio State, alifunga pointi 47 peke yake, na Texas Tech ikashinda 84 kwa 82. Vyuo vya miaka miwili vimekuwa mlango wa wengi tangu hapo, hata wa watu wetu. Adut Bulgak, wa familia ya Sudan Kusini iliyohamia Edmonton, Kanada, alipitia Trinity Valley, chuo cha miaka miwili huko Texas, kisha Florida State, na mwaka 2016 akachaguliwa na New York Liberty, timu ya kulipwa.

Sasa tufike kwa yule msichana wa 2014. Florida State, Bulgak alicheza pamoja na Leticia Romero, na yeye ndiye.

Romero anatoka Visiwa vya Canary, Hispania. Alikwenda Kansas State mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa timu. Msimu ulipoisha, Machi 2014, chuo kikamfukuza kocha aliyemleta. Romero akaona aliyemfuata mpaka Kansas hayupo tena, akaomba barua ya ruhusa ahame. Chuo kikakataa. Akakata rufaa kwenye kamati ya chuo hicho hicho. Ikakataa.

Mfikirie hapo. Ana ugeni, lugha si yake, aliyemleta ameondolewa. Akikaa, anacheza kwa mtu asiyemjua, kwenye ofisi ambayo imemwonyesha haimwamini. Akiondoka bila barua, ajilipie mwaka mzima, na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hawezi kutafuta kazi yoyote popote apendapo. Njia iliyobaki ni kurudi nyumbani. Hakuwa amevunja kanuni yoyote. Alikuwa ameomba tu.

Habari ikatoka magazetini na kwenye televisheni, waandishi wakaikamata, wiki zikapita. Mwezi wa Juni chuo kikalegea, akapewa ruhusa. Akaenda Florida State, akacheza huko mpaka 2017. Katikati, mwaka 2016, akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya Rio akiwa na timu ya taifa ya Hispania.

Mimi nasisitiza kisa hiki kwa sababu wanaolaumu wachezaji wa leo huwa wanasahau kwamba kilitokea. Wanasema wasichana wa siku hizi hawana uvumilivu. Lakini wakati wote huo makocha walikuwa wanahama wapendavyo. Kim Mulkey aliiacha Baylor mwaka 2021 akaenda LSU, na msimu uliofuata alikuwa pembeni ya uwanja anapiga kelele kama kawaida. Hakuna aliyemwambia akae mwaka mmoja kwanza azoee mji.

Tusiwanyime haki yao pia waliotetea sheria ya zamani. Walisema mwanafunzi akihama anahitaji muda wa kutulia kimasomo. Walisema bila kizuizi vyuo vikubwa vitavuna wachezaji wa vyuo vidogo kila mwaka. La kwanza sikulikubali, maana kocha akifukuzwa hakuna anayejali utulivu wa mwanafunzi. La pili limetimia.

Mabadiliko yenyewe yalikuja haraka. Tarehe 15 Oktoba 2018 NCAA ilifungua daftari la uhamisho kwenye intaneti, ambalo makocha na wachezaji huliita potali. Mchezaji anakiambia chuo chake kwamba anataka kuingia, na chuo kina siku mbili za kazi kuandika jina lake. Hakiombwi ruhusa tena, kinapewa taarifa. Jina likishaingia, kocha yeyote anaweza kukupigia. Ukiniuliza mimi, hayo ndiyo mapinduzi, hata kuliko yaliyofuata. Kisha Aprili 2021 wakaondoa mwaka wa kukaa nje kwa anayehama mara ya kwanza. Desemba 2023 mahakama huko West Virginia ikasimamisha kizuizi kwa wanaohama mara ya pili na zaidi, na Aprili 2024 NCAA yenyewe ikakiondoa: hama utakavyo, mradi masomo yako yako sawa.

Matokeo yakaonekana mara moja. LSU ya Mulkey iliingia msimu wa 2022 na wachezaji wapya 9, wengine wametoka sekondari, wengine wamehama vyuo. Angel Reese alikuwa ametoka Maryland. Jasmine Carson alishapita Georgia Tech na West Virginia. Aprili 2023 wakaifunga Iowa 102 kwa 85 kwenye fainali, Carson akitokea benchi na pointi 22. Timu ambayo mwaka mmoja nyuma wengi wao hawakujuana ikawa bingwa wa nchi.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha TCU, huko Fort Worth, Texas. Januari 2024 majeruhi walikuwa wengi mpaka timu ikakosa watu wa kutosha kucheza, wakaacha mechi 2 zikahesabiwa wamefungwa. Wakatangaza chuoni: msichana yeyote mwanafunzi anayeweza kucheza basketi aje ajaribiwe. Wakapata 4, mmoja wao mchezaji wa voliboli. Msimu uliofuata wakamchukua Hailey Van Lith, aliyekuwa Louisville, kisha LSU, pamoja na wengine waliotoka kwingine, na machi 2025 wakafika robo fainali ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Miezi 14 tu! Zamani kocha alihitaji miaka 4 au 5 kujenga kitu kama hicho.

Sasa upande wa pili, ambao hauonyeshwi kwenye video fupi.

Kila mwaka wasichana zaidi ya 1,000 wa daraja la juu huandikisha majina kwenye lile daftari. Nafasi hazijaongezeka kwa sababu wao wameongezeka. Ukishaingiza jina, chuo unachokiacha kinaruhusiwa kusitisha ufadhili wako muhula ukiisha. Okot alipata South Carolina. Wapo wanaosubiri simu mpaka Agosti, wakashuka daraja, au wakaacha mpira. Na si wote walioamua wenyewe. Kocha mpya akija anaweza kukuita ofisini na kukuambia kwa upole kwamba hatakupanga, na mwenye akili anaelewa. Kwenye takwimu hao wote wanaandikwa "amehama". Sisi tunajua tofauti ya aliyeondoka na aliyeondolewa, ingawa fomu ina kisanduku kimoja.

Tena kocha akiwa na nafasi moja, achague nani: msichana wa miaka 21 aliyecheza misimu 3 na video zake zipo, au wa miaka 18 kutoka shule ambayo hajawahi kuisikia? Anamchukua wa miaka 21. Kwa hiyo uhuru wa walio ndani umeupunguza mlango wa walio nje, na walio nje ni pamoja na dada zetu. Hili watu wa mashirika wanaoandika miradi ya "michezo na elimu" walijue kabla ya kuwaahidi wasichana mambo makubwa.

Pesa nazo. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha yake, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Wengi wanahama kwa hilo, na siwalaumu. Ila mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi hovyo ndani ya Marekani, kwa hiyo matangazo yanayomtajirisha mwenzake wa timu yeye anayatazama kwa macho.

Na wapo wanaobaki. Bella Murekatete, Mnyarwanda, alikaa Washington State miaka 5, 2019 mpaka 2024, wakati daftari liko wazi na angeweza kwenda. Mwaka 2023 timu yake ikachukua ubingwa wa ligi ya Pac-12 ambao haikuwahi kuuchukua. Kubaki kwake kuna uzito kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Miaka kumi nyuma tusingejua kama amebaki au amebakizwa.

Kwa dada yeyote hapa mwenye mazungumzo na kocha wa huko, jambo moja ambalo makala nyingi hazisemi. NCAA imeacha kudai barua ya ruhusa, lakini uhamiaji una taratibu zake. Mwanafunzi wa kigeni akihama chuo, kumbukumbu zake za viza lazima zihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo anachokiacha kwenda chuo kipya. Kwa kawaida wanafanya bila ugomvi, ukiwaomba. Basi jina la afisa wa ofisi hiyo ulijue wiki ya kwanza ukifika, kabla hata ya kujua njia ya kwenda uwanjani. Na masomo uliyofaulu, uliza kwa maandishi mangapi yatahesabiwa huko uendako, maana si lazima yahesabiwe yote.