Nani Kasema Gari la Mjapani Haliharibiki? (Historia Fupi ya Magari Tarime na Serengeti)

Samahanini kwa kupotea, nilikuwa kwenye msuli wa test na si mnajua tena test zikipangwa tatu wiki moja. Leo narudi na swali ambalo halikutoka darasani. Limetoka nyumbani.

Jumapili iliyopita Baba kanipigia simu toka Tarime. Anastaafu mwakani, na sehemu ya kiinua mgongo chake anataka kununua gari la abiria, lipige ruti ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo. Kuna jamaa anamuuzia gari moja la Ulaya, zuri kweli, viti vya ngozi, bei ya kutupa. Baba akasema: "Mura, wewe ndo uko chuo. Niambie, la Mjapani, la Mzungu, la Mmarekani au la Mkorea? Lipi halitaniangusha?"

Shikamoo Baba, nikajibu, nipe siku tatu.

Usiku huo nikalitupa swali chumbani kwetu. Jamani, ilikuwa vita! Mmoja kasema Mjerumani ndo mwisho wa matatizo, mwingine kasema bila Toyota hakuna maisha, wa tatu katetea Mkorea. Saa saba ya usiku hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyeuliza gari lenyewe linakwenda kupita wapi. Basi nikaamua kulifanya kama tunavyofundishwa kwenye History: kabla ya kusema nani bora, uliza bora lini, wapi, na kwa sababu gani.

Tuanze na Mmarekani, kwa sababu watu wengi wanamsahau. Ford Model T ilianza kutengenezwa mwaka 1908 na ikaendelea hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Lilikuwa gari la juu juu, jepesi, la kupita kwenye njia za mikokoteni, na ukiwa na nyundo na bisibisi unaweza kulifungua. Yaani miaka ile gari la shida lilikuwa la Mmarekani. Nyika ya Serengeti nayo ilionja magari mapema. Miaka ya 1920 wawindaji matajiri walikuwa wakiingia na magari na kuwapiga simba risasi wakiwa wamekaa kwenye viti. Mwingereza Denys Finch Hatton alichukizwa mpaka akaandika barua kwenye gazeti la The Times la London kulalamika. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikafanywa pori la akiba. Kwa hiyo kwetu gari halikuanza na abiria wala mgonjwa, lilianza na bunduki.

Halafu akaja Mwingereza. Landrova ilizinduliwa Aprili 1948 kwenye maonyesho ya Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Ile shida yao ikawa bahati yetu: bodi haikuliwa na kutu. Serikali ya mkoloni ikaitumia, misheni zikaitumia, polisi na mabwana wanyama wakaitumia, na baada ya Uhuru wa 1961 mkuu wa wilaya akaendelea nayo. Wazee wa Kikurya wengi walipita jeshini, KAR, na wapo waliorudi nyumbani wakijua usukani na spana. Hapa ndo pa kuangalia vizuri. Landrova ilikuwa inaharibika. Ekseli zake za nyuma zilikuwa zinakatika, oili ilikuwa inavuja. Lakini mtu wa kuitengeneza alikuwepo, na kifaa kilikuwepo. Kwa hiyo watu wakasema ni gari imara.

Kama kuna mahali Afrika Mashariki tulifanya mtihani wa wazi wa magari, ni kwenye Safari Rally. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Matokeo yake mtu akiyasoma kwa mpangilio ni somo tosha. Mwaka 1953 ilishinda Volkswagen. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na mbele ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1964 Ford Cortina. Mwaka 1965 Joginder Singh akashinda na Volvo. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, na Peugeot 404. Ukiishia hapo unasema Mzungu hana mpinzani. Subiri sasa. Mwaka 1970 na 1971 Datsun. Mwaka 1973 Datsun tena, mkononi mwa Shekhar Mehta. Mwaka 1974 Joginder Singh yule yule aliyeshinda na Volvo anarudi kushinda na Mitsubishi Lancer. Dereva ni mmoja, kilichobadilika ni kiwanda. (Na iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Toyota imeshinda kila mwaka hadi 2025.)

Mjapani kafanya nini? Watu wanaongea kama vile ubora uko kwenye damu. Si kweli. Mwaka 1957 Toyota walipeleka Marekani gari lao Toyopet Crown na likaaibika. Kwenye barabara zile ndefu za mwendo kasi lilichemsha na kuishiwa nguvu, mwisho 1960 wakaacha kuliuza. Lakini wenzetu walikuwa tayari wanasoma. Mwaka 1950 Eiji Toyoda alikwenda kukaa kwenye kiwanda cha Ford kuangalia kazi inavyofanyika. Mwaka huo huo Mmarekani W. Edwards Deming alikuwa Japani akifundisha jinsi ya kudhibiti ubora kwa takwimu, wakati kwao Marekani wenye viwanda hawakumjali sana. Pale Toyota, chini ya Taiichi Ohno, wakajenga utaratibu ambao mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba na mstari wa uzalishaji unaweza kusimamishwa mpaka irekebishwe. Hata injini ya F ya Land Cruiser za zamani ilifuata sana muundo wa injini za General Motors. Mwanafunzi kamzidi mwalimu kwa sababu alikubali kukaa darasani. Sisi wa ualimu tunaelewa hiyo.

Sasa turudi Tarime, maana huko viwandani ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko mpakani.

Miaka ya 1970 Landrova ilikuwa mikononi mwa British Leyland, kampuni iliyoundwa 1968, ikasumbuliwa na migomo na hasara mpaka serikali ya Uingereza ikaichukua mwaka 1975. Ukitaka Landrova unasubiri. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Fikiria Sirari ilivyokuwa. Nairobi ndiko vifaa vilipokuwa, na njia ya halali imefungwa. Halafu mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, malori ya watu yakachukuliwa kwenda kubeba askari na chakula. Fedha za kigeni zikakauka. Magari mazima kabisa yakawekwa juu ya mawe kwa kukosa feni belti. Hapo hakuna cha Mwingereza wala Mfaransa: gari lisilo na spea ni bovu hata kama lilitoka kiwandani likiwa bora kuliko yote.

Mjapani aliingia kwenye pengo hilo. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi 1985 mlango ukafunguka zaidi, ndo ile enzi ya ruksa. Miaka ya 1990 mitumba ya Japani ikaanza kumiminika. Kwa nini Japani na siyo Korea au Ujerumani? Jibu ni dogo mpaka linachekesha: usukani. Sisi tunaendesha kushoto, Mjapani anaendesha kushoto, kwa hiyo gari lake lina usukani kulia kama letu. Korea, Marekani na karibu Ulaya yote ukiacha Uingereza na visiwa vichache, wanaendesha kulia. Mtumba wao ukiuleta huku usukani uko upande usiofaa. Ongeza na hili: Japani wana ukaguzi wa lazima wa magari unaoitwa shaken. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miwili, na gharama si ndogo. Wengi wanaona bora kuliuza. Gari ambalo Mjapani kalichoka, Tarime ndo kwanza linaitwa jipya.

Yakija mengi, spea zinakuja nyingi. Spea zikiwa nyingi, kijana anayejifunza ufundi chini ya mwembe anajifunzia kwenye Toyota. Fundi akizoea Toyota, mteja ananunua Toyota. Mduara umefunga. Ndo maana leo njia ya Tarime na Sirari ina Probox na Noah, mnadani zinakwenda Fuso na ng'ombe, na ndani ya hifadhi watalii wako kwenye Land Cruiser zilizorefushwa. Nyingi ya zile za zamani zina injini ya 1HZ, diseli ya lita 4.2 iliyoanza 1990, haina tabo wala kompyuta ya kuisimamia. Ikisumbua Seronera, dereva na fundi wanaongea nayo kwa spana. Landrova yenyewe imebakia kwenye lugha. Mpaka leo wapo wanaoliita gari la polisi la nyuma wazi "difenda" hata kama limeandikwa Toyota!

Na Mkorea? Msimdharau. Hyundai walitoa Pony mwaka 1975 na injini ya Mitsubishi. Mwaka 1986 wakaingia Marekani na Excel, bei chee, yakauzika sana, halafu yakawachekesha watu kwa kuharibika. Mwaka 1998 wakatangaza huko Marekani dhamana ya injini na gia ya miaka 10 au maili 100,000. Ukishaahidi hivyo lazima utengeneze vizuri, la sivyo unafilisika. Wakapanda kweli. Mmarekani naye huku kwetu alijificha: General Motors pale Nairobi kwa miaka mingi iliunganisha malori ya Isuzu, mpaka 2017 Isuzu wenyewe wakanunua hisa na jina likabadilika kuwa Isuzu East Africa. Na Mjapani si malaika. Mwaka 2009 na 2010 Toyota waliyaita magari kwa mamilioni kuyarekebisha, na Akio Toyoda akaenda mwenyewe kuhojiwa kwenye Bunge la Marekani.

Sasa kwa nini nimelichukulia hili moyoni? Kwa sababu ya Baba mdogo. Miaka kadhaa iliyopita aliuza ng'ombe wanane akanunua gari la Ulaya, jina la kampuni naliweka kapuni. Gari lilikuwa tamu, sikatai. Mwezi wa nne likazima njiani wakati wa mvua, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwetu kafungua boneti, kaangalia, kafunga. Hakuwa na mashine ya kulisoma. Kifaa kimoja kidogo kikasubiriwa miezi mitano. Mkopo haukusubiri. Leo lile gari liko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye viti vya ngozi. Gari lenyewe sidhani kama lilikuwa baya. Lingekuwa kwenye mji wenye fundi wake na duka lake, lingekuwa linatembea mpaka kesho.

Kwa hiyo Alhamisi nilimpigia Baba. Sikumtajia nchi. Nilimwambia kabla hajatoa hata shilingi, achukue jina la gari na mwaka wake, aende kwa mafundi watatu: mmoja Tarime, mmoja Nyamongo, mmoja Mugumu. Awaulize mambo matatu. Umeshafungua injini ya namna hii mara ngapi? Spea yake unaitoa wapi, na inachukua siku ngapi? Likizima njiani saa kumi na mbili jioni na abiria ndani, unakuja?

Akanyamaza kidogo. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Yule wa Nyamongo namfahamu, nilimfundisha darasa la tano."

Jana kanitumia meseji. Wawili kati ya watatu hawajawahi kulifungua lile gari la jamaa. Wa tatu kamwambia, "Mwalimu, kanunue, lakini mimi usinipigie." Fedha bado ziko benki, na mimi nimelala vizuri.

Narudi kwenye madesa. Kama kuna mtu ana babu aliyeendesha Landrova enzi za mpaka kufungwa, amuulize waliipata wapi feni belti, halafu anisimulie. Alamsiki.