HbA1c: himoglobini iliyoshikana na sukari

Namba 6.5 kwenye majibu ya maabara ina maana mbili zinazopishana mbali. Ikiwa iko kwenye mstari wa FBG, yaani sukari iliyopimwa asubuhi kabla ya kula, basi sukari imepanda kiasi lakini haijafika kiwango cha kisukari, ambacho ni milimoli 7.0 kwa lita. Ikiwa iko kwenye mstari wa HbA1c, basi hiyo 6.5 ni asilimia, na hapo ndipo kisukari kinapoanza kuhesabiwa. Mtu akitoka maabara akasema tu "sukari yangu ni sita nukta tano", hata daktari hawezi kumjibu mpaka aione karatasi.

Mstari wa kwanza hausumbui sana, kwa sababu kutobolewa kidole na kusomewa sukari ni jambo lililozoeleka. Mkanganyiko uko kwenye HbA1c, na sehemu kubwa ya lawama naiweka kwenye jina lenyewe. Herufi mbili za mwanzo wagonjwa wetu wanazijua kwa maana nyingine. Kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito ameshapimwa HB akaambiwa damu yake ni 11 au ni 9. Akija kuona HbA1c 7.2 anashtuka, anadhani amepungukiwa damu. "Dada, damu saba ni ndogo mno hiyo, kula matembele na maini," anaambiwa na mwenzake kwenye benchi la kusubiria. Ushauri umetoka moyoni, ila unatibu tatizo ambalo hana, na lile alilo nalo linabaki bila kutajwa.

Tulifumbue jina. Hb ni kifupi cha himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe za damu. A ni himoglobini ya kawaida ya mtu mzima, kuitofautisha na F ya mtoto aliye tumboni na S ya selimundu. Hizo 1 na c hazielezi chochote kuhusu mwili. Wataalamu walipoichuja himoglobini A kwenye mrija maalumu, vijisehemu vichache vilitangulia kutoka, vikapewa majina A1a, A1b na A1c kwa kufuata zamu ya kutoka kwavyo. Ni alama za maabara tu, na wakati huo hakuna aliyeihusisha ile ya tatu na kisukari. Mwaka 1968, Tehran, daktari wa Iran aitwaye Samuel Rahbar alikuwa akichunguza himoglobini za wagonjwa, akaona waliokuwa na kisukari wana himoglobini isiyo ya kawaida. Baadaye ikabainika kuwa ndiyo ile ile A1c, iliyoongezeka. Shirika la Afya Duniani lilikubali kipimo hiki kitumike kutambua kisukari mwaka 2011, zaidi ya miaka 40 tangu Rahbar alipoyaona hayo.

Kinachotokea mwilini hakihitaji hesabu ngumu. Chembe nyekundu huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, huzunguka kwenye damu kwa siku 120 hivi, kisha huondolewa. Katika muda huo wote himoglobini yake inaoga kwenye glukosi, na glukosi ina tabia ya kujishikiza kwenye protini yenyewe, bila msaada wa kimeng'enya chochote. Ni mmenyuko wa ukoo mmoja na ule unaoupa mkate rangi ya kahawia tanuruni. Sukari ikishajishikiza vizuri haibanduki mpaka chembe ife. Kwa hiyo kadiri damu inavyokuwa na sukari nyingi, ndivyo sehemu ya himoglobini iliyoshikana na sukari inavyokuwa kubwa. Asilimia 6.5 maana yake ni hiyo: katika kila himoglobini 100, takriban sita na nusu zina sukari iliyojishikiza.

Kliniki za kisukari zina jina lao: "kipimo cha miezi mitatu". Nalipenda, kwa sababu limetoka kwa wauguzi waliotaka kueleweka na limeeleweka. Linamwambia mgonjwa kwamba kujinyima wali kwa siku mbili kabla ya kliniki hakutaificha miezi iliyopita. Hata hivyo lina upungufu. Kwanza, miezi hiyo haina uzito sawa. Karibu nusu ya jibu hutokana na mwezi wa mwisho. Pili, na hili ndilo zito, jina hilo linaficha kinachopimwa. Msikiaji anadhani mashine imehesabu sukari ya miezi mitatu, wakati imehesabu himoglobini. Ndiyo maana napendekeza tuseme na tuandike "himoglobini iliyoshikana na sukari", au kwa kifupi "himoglobini yenye sukari". Ni jina refu, lakini linabeba sababu za jibu kupotoka, na sababu hizo kwetu si jambo la pembeni.

Chukua selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Aliyerithi S kwa baba na S kwa mama hatengenezi himoglobini A. Ikiwa A haipo, A1c itatoka wapi? Namba yoyote itakayochapishwa haimhusu. Aliyerithi upande mmoja tu, ambaye ni mzima na pengine hajui kuwa anabeba S, anayo A, ila jibu lake linaweza kuyumba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 miongoni mwa Wamarekani Weusi ulionyesha kuwa kwa kiwango kile kile cha sukari, wanaobeba S walipata HbA1c ya chini kwa takriban 0.3 kuliko wasioibeba. Ukiwa mpakani, 0.3 inatosha kukuambia huna ugonjwa ambao unao.

Ukishika kwamba kinachohesabiwa ni himoglobini, mengine yanajieleza. Chochote kinachofupisha uhai wa chembe nyekundu, iwe malaria iliyozivunja au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hushusha jibu kwa uongo, kwani chembe hazikupata muda wa kushikana na sukari. Aliyeongezewa damu wiki iliyopita anapimwa sehemu ya himoglobini ya mtu mwingine. Upungufu wa madini ya chuma, unaowapata sana wanawake wetu, mara nyingi hupandisha jibu bila sukari kupanda. Katika hali kama hizo daktari hurudi kwenye sukari yenyewe: ile ya kabla ya kula, au kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, ambapo kisukari huanzia milimoli 11.1.

Na hiyo ya kabla ya kula ina tatizo lake la lugha. Vitabu vingi huiita "sukari ya kufunga". Pwani, kufunga ni saumu. Mtu anajizuia hata maji, anafika maabara midomo imemkauka. Maji matupu hayaharibu chochote. Ukibadilisha ukamwambia "njoo hujala", atakuja na jibu maarufu: "Sijala, nimekunywa chai tu." Chai yenyewe ina vijiko vitatu vya sukari. Maelekezo sahihi ni marefu kidogo: usile wala usinywe kitu kwa saa nane, isipokuwa maji. Damu nayo haitakiwi kukaa. Chembe zilizo ndani ya kichupa huendelea kula glukosi, na kwenye joto la kawaida la chumba sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Ndiyo sababu damu ya kupima sukari huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho kina dawa ya kupunguza ulaji huo, na ya HbA1c kwenye chenye kifuniko cha zambarau. Sampuli iliyosafirishwa kwa pikipiki mchana kutwa bila kichupa sahihi inaweza kumpa mgonjwa namba nzuri isiyo yake.

Vipimio pia hubadilika kufuata nchi. Ndugu aliye Marekani akisema sukari yake ni 126, agawanye kwa 18 apate 7.0 yetu. Aliye Uingereza anaweza kuandikiwa HbA1c 48. Ni asilimia 6.5 ile ile kwa kipimio kingine.

Limebaki eneo la katikati, na hapa tafsiri inaweza kuumiza. Chama cha Kisukari cha Marekani kinahesabu HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 kuwa ni hali ya kabla ya kisukari, na jina hilo limeanza kuenea kwetu. Sipendi "kabla ya kisukari". Kwa Kiswahili, kabla ya mvua maana yake mvua inakuja; mgonjwa anasikia hukumu iliyokwisha kupitishwa. Wengi wa walio katika eneo hili hawajapata kisukari, na wapo wanaorudi kwenye hali ya kawaida. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu wenye hali hii. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Shirika la Afya Duniani huitaja hali hii kwa maneno yanayokaribia "sukari iliyopanda kiasi". Hayo ndiyo ninayoyachagua. Yanasema ukweli na yanaacha mlango wazi.

Jibu moja lililovuka mpaka halitoshi kumwita mtu mgonjwa wa kisukari ikiwa hana dalili, yaani hana kiu isiyoisha, hakojoi mara kwa mara wala hapungui uzito bila sababu. Kipimo hurudiwa siku nyingine, au huthibitishwa kwa kipimo cha aina ya pili. Asiye na dalili ana haki ya kuomba hivyo kabla ya kuanza dawa.

Basi ukipewa karatasi, isome mstari kwa mstari na uitunze. Usiondoke na namba kichwani. Na kabla hawajakutoa damu ya HbA1c, mwambie daktari kama kwenu kuna selimundu, kama umeongezewa damu au kuvuja damu nyingi ndani ya miezi mitatu, na kama una mimba. Asipokuuliza, mwambie wewe.