Chukudu: kiunzi cha mbao chenye magurudumu mawili

Katika nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mazao husombwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kaskazini zaidi, huko Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbao imebeba kazi kubwa zaidi: chukudu. Chombo hiki kilianza kuonekana miaka ya 1970, uchumi wa nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Zaire, ulipokuwa ukidorora na magari kuwa adimu. Kiunzi chake, chenye urefu wa takriban mita 2, huchongwa kwa mkaratusi na mbao nyingine ngumu. Magurudumu nayo ni ya mbao, yakivikwa vipande vya tairi kuukuu. Injini haina, wala pedeli. Mwendeshaji hupiga goti juu ya kiunzi na kujisukuma kwa mguu wa pili, na mteremkoni uzito wenyewe ndio unaoendesha. Hapo ndipo ustadi wa fundi hupimwa, kwani mzigo huweza kufika kilo 450, na chukudu kubwa hubeba zaidi: mkaa, viazi, kabichi. Mjini Goma sanamu ya mwendesha chukudu imesimamishwa kwenye mzunguko wa barabara.