Kimya cha Jumatatu: Nadhiri ya Gandhi na Mgawanyo wa India, 1947

Nadhiri ya kunyamaza huweza kuwa ibada na siasa kwa wakati mmoja. Jumatatu, tarehe 2 Juni 1947, mjini Delhi, Lord Mountbatten, mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza, alimpokea Mohandas Gandhi baada ya kuwakabidhi viongozi wa vyama mpango wa kuigawa India, jambo ambalo Gandhi alilipinga. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kimya. Hivyo alijibu kwa kuandika nyuma ya bahasha zilizokwisha kutumika. Humo alikumbusha kuwa nadhiri yake ilibakiza nafasi mbili za kusema: jambo la dharura mbele ya wakuu wa serikali, na kumhudumia mgonjwa. Ruhusa, basi, alikuwa nayo, hakuitumia. Hapo ndipo kimya cha ibada kilipopata uzito wa uamuzi wa kisiasa. Hata hivyo, kimya hicho kilimpa mtawala nafuu: pingamizi aliloliogopa halikutamkwa, na kesho yake mpango ukatangazwa. Kwa hiyo, mwanahistoria asiishie kwenye nia ya aliyenyamaza; sharti achunguze pia ni nani aliyenufaika na kunyamaza huko.